Vitabu vya Njia Yetu

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo halikupata kumalizika kabla ya watu kuanza kutazama saa zao, nalo ndilo lililotufanya tuliweke mbele ya habari zote nyingine za toleo hili. Iliulizwa hivi: fedha zinazobaki katika mfuko wa Chama baada ya hesabu ya mwaka, zile ambazo desturi yetu ni kuzila katika karamu, je, mwaka huu ziende zote jikoni kama kawaida, au nusu yake itiwe katika vitabu vya Maktaba ya Mkoa hapa Tabora? Walisimama wenye kutaka pilau, nao hawakusema upuuzi. Walisema ya kuwa mtumishi hukaa mezani mwaka mzima akiandika barua za watu wengine, na ana haki ya kula na wenzake siku moja. Walisimama na wenye kutaka vitabu. Kura haikupigwa. Itapigwa katika mkutano ujao, nasi twapenda kusema tunaloliona kabla ya siku hiyo.

Sisi twataka nusu iende katika vitabu. Tena hatutaki vitabu vyo vyote tu. Vitabu vya mitihani wanafunzi wana wa kuwatafutia, na riwaya za mapenzi hazijapata kukosa wasomaji. Tunataka rafu moja, ya vitabu vya Kiswahili, vinavyohusu njia hii kuu ipitayo katika mji wetu: njia ya misafara, itokayo Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, na hapa ikagawanyika, mmoja akaenda Ujiji, mwingine akapanda kaskazini hata Karagwe na Buganda, mwingine akashuka kusini. Mji huu haukuzaliwa na mto wala na bahari. Ulizaliwa na njia, na mtoto asiyejua habari za mzazi wake ni mgeni nyumbani kwake.

Yawezekana mwanachama atasema, Habari hizo zimekwisha andikwa. Ni kweli, zimeandikwa, tena sana. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya zamani, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule, na Burton akatoa kitabu chake mwaka 1860. Stanley aliandika. Cameron aliandika. Livingstone aliandika mpaka karatasi ikamwishia. Lakini wote hawa waliandika kwa lugha yao, kwa ajili ya watu wa kwao, na mwanafunzi wa hapa akitaka kujua mambo ya Kwihara, mahali anapoweza kufika kwa baisikeli na kurudi kabla ya jua kuchwa, imempasa azunguke London kwanza. Hatuwalaumu wageni kwa kuandika. Twajilaumu wenyeji kwa kutosoma yale yaliyoandikwa na wenzetu, kwa maana wapo walioandika.

Tuanze na karani, maana gazeti hili ni la makarani. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, wale waliokuwa naye walikusanya vitu vyake vyote ili visipotee, na wakataka pawe na orodha. Aliyeandika orodha hiyo ni Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesomeshwa katika shule ya Nasik huko India. Hebu mwanachama afikiri: watu wamo katika nchi ya mbali, bwana wao amekufa, njia ya kurudi pwani ni ya miezi, na jambo mojawapo la kwanza walilolifanya ni kumwita mwenye kalamu aandike hesabu ya mali, kitu kwa kitu. Kama kuna mlinzi wa ghala miongoni mwetu ambaye husahau kutia sahihi katika daftari lake, na amfikirie kijana huyo. Wainwright aliandika pia daftari la safari, na maandishi ya mkono wake yalitolewa hadharani mwaka 2019. Msafara ule uliochukua maiti ulipita hapa Unyanyembe kabla ya kwenda pwani. Na yeye Wainwright, baada ya kwenda Uingereza na kurudi, aliishia si mbali nasi: alifariki Urambo mwaka 1892. Daftari lake ni la Kiingereza. Miongoni mwa wanachama wetu wamo wafasiri wa mahakama na walimu ambao wangeweza kulitia katika Kiswahili kwa jioni chache, na kazi hiyo haina gharama ila wino.

Sasa waliosema kwa Kiswahili chenyewe. Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mnamo mwaka 1902 na 1903, huko Berlin. Baba yake alikuwa mtu wa Tabora hii, na mke mmoja wa baba huyo, Karunde, alikuwa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Basi kitabu hiki ni cha nyumbani, ijapokuwa kilichapwa Ulaya. Wa pili ni Selemani bin Mwenye Chande, ambaye habari za safari yake ya bara zimo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901. Wa tatu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake juu ya desturi za Waswahili ilitolewa na Velten huyo huyo mwaka 1903. Waswahili walisema, Wadachi wakachapa, na sisi tuliokaa baina yao tukabaki hatuna nakala mkononi.

Hapa ndipo palipotokea maneno makali mkutanoni, wala hatutaki kuyaficha. Mwanachama mmoja mzee, ambaye twamheshimu, alisema hatatoa hata senti moja kununua kitabu cha Tippu Tip, kwa sababu mtu yule alifanya biashara ya pembe na ya watu, na kumweka katika rafu iliyonunuliwa kwa fedha zetu ni kumpa kiti cha heshima. Ukumbi ulinyamaza, maana katika ukumbi ule walikuwamo wajukuu na vitukuu vya kila aina ya watu waliopita katika njia ile: waliochukua mizigo, waliochukuliwa kama mizigo, na waliofanya biashara ya yote mawili. Mji wetu ndivyo ulivyo, na amani tuliyo nayo si ya kuchezewa.

Twamjibu mzee wetu kwa adabu. Rafu ya maktaba si jukwaa la sifa. Hakimu humsikiliza mshitakiwa kwa maneno yake mwenyewe, tena huyaandika, na hakuna asemaye kwamba kwa kufanya hivyo amemheshimu. Bali kumsikiliza peke yake ndiko kubaya. Kwa hiyo twasema ya kwamba kando ya kitabu cha Tippu Tip kiwekwe Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kilichoandikwa na mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Asomaye kimoja na apewe na cha pili siku ile ile. Mtoto akitoka hapo atakuwa amesikia pande mbili, jambo ambalo wazee wake wengi hawakulipata.

Na upande wa tatu je? Sisi twaona huo ndio mkubwa, nao ndio uliokaa kimya kuliko yote. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua nguo, shanga na masango kwa kwenda bara, na pembe kwa kurudi, mzigo wa frasila mbili au karibu, ambao ni kama ratili sabini, juu ya bega au kichwani, kwa miezi. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliopatana posho na malipo kabla ya kuondoka, na waliokuwa wepesi wa kugoma au kutoroka wakidhulumiwa. Mzungu aliyeandika kwamba wapagazi walimtoroka usiku aghalabu husahau kuandika ni kwa sababu gani. Kijana wa leo akiona picha ya mtu mwenye mzigo kichwani husema mara moja, Huyu ni mtumwa. Na kwa neno hilo moja humnyang'anya babu yake kazi yake, ujira wake na ujanja wake. Mtaalamu mmoja, Stephen Rockel, alitoa kitabu kizima mwaka 2006 kueleza habari za wafanyakazi hawa, lakini ni cha Kiingereza. Katika Kiswahili twapaswa kuanza na yale yaliyomo vinywani mwa wazee wa Tabora, Nzega, Sikonge na Urambo, yaandikwe kabla hayajafukiwa.

Tuseme neno la vitabu vipya, kwa kuwa wapo wanaodhani twataka kuijaza maktaba karatasi za kale tu. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Ni habari ya kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kwa ajili ya deni, akachukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara, katika miaka ya mwisho kabla ya vita vikuu vya kwanza. Tumekisoma. Kinafaa kusomwa polepole, na mtu wa Tabora atakisoma kwa jicho lingine kuliko msomaji wa Stockholm. Tena kipo kile cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka: alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akangoja, akakifasiri mwenyewe, na kwa Kiswahili kikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka thelathini na mitano kitabu kilingoja. Wenzetu wanaolalamika kwamba barua yao imekaa wiki tatu katika ofisi fulani bila jibu na watazame hapo.

Kwa makarani wapya ambao hawaijui kazi ya maktaba, tueleze kidogo, maana ni kama kazi yetu. Kila kitabu hupewa namba kama jalada la masijala. Mpango utumikao sana ni ule wa Mmarekani Melvil Dewey, aliyeutoa mwaka 1876. Ndani yake historia ya Tanzania huwekwa penye 967.8, na fasihi ya Kiswahili penye 896.392. Mwenye kuijua namba hiyo ya pili aweza kuingia katika maktaba nyingi za dunia zinazofuata mpango huo na kwenda moja kwa moja mpaka penye vitabu vya lugha yake bila kumwuliza mtu. Namba ni ndefu, tena hawa wenzetu walijibana mwishoni mwa hesabu kama abiria wa mwisho katika basi. Lakini mahali pao papo.

Wala maktaba za umma hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1948 ilianzishwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, nayo ikapeleka masanduku ya vitabu katika miji midogo na vijiji, sanduku likisomwa likibadilishwa kwa jingine. Mzigo wa maneno ukapita katika nchi ulimopita mzigo wa nguo, safari hii kwa gari la moshi, ambalo lilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya uhuru ikatungwa sheria ya mwaka 1963 ya huduma za maktaba, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967. Sheria nyingine ikafuata mwaka 1975, na chini yake ndipo Bodi ya Huduma za Maktaba inapofanya kazi pamoja na maktaba za mikoa. Basi maktaba ni mali ya serikali, na serikali ni sisi tukaao katika meza zake. Lakini mali ya wote, kama wajuavyo wenye nyumba za kupanga, mara nyingi haina wa kuipaka chokaa.

Atakayesema hana nafasi ya kusoma kwa sababu ya kazi, twamtajia majina matatu. Martin Kayamba alikuwa karani wa serikali; ndiye aliyeanzisha Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, ambacho vyama kama hiki chetu vyaweza kukiita babu. Alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi, akarudi akaandika kitabu cha Kiswahili cha mambo waliyoyaona na kuyafanya huko. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hata 1944, kisha akafanya kazi katika idara nyingine. Vitabu vyake havikuandikwa na mtu aliyekaa bure. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora tangu mwaka 1937 na baadaye kufundisha hapa katika shule ya St. Mary's, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akiwa ni Rais wa nchi. Mwanachama mwenye kazi nyingi kuliko hiyo na atuletee barua, tutaichapa.

Haya ndiyo tunayoyataka yafanyike, kura ikipita.

Tarehe 23 Aprili, ambayo tangu mwaka 1995 ni siku ya vitabu ya ulimwengu, iwe kwetu siku ya kurudisha. Twajua ya kuwa katika nyumba za wanachama, juu ya makabati na chini ya vitanda, vimo vitabu vyenye mhuri wa maktaba za shule na za umma, vilivyoazimwa na watu ambao sasa wana wajukuu. Vingine vilihama pamoja na mwenyewe kutoka kituo hata kituo, Kigoma, Mpanda, Shinyanga, kama sehemu ya sanduku lake. Viletwe. Havitaulizwa vilikuwa wapi, wala jina la mtu halitaandikwa. Mhariri na katibu watakaa mlangoni na gunia, na gunia halina macho.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyokubaliwa na UNESCO mwaka 2021. Nayo kwetu ni Sabasaba, siku ya mapumziko, basi udhuru wa ofisi haupo. Mlango wa maktaba ukiwa umefungwa kwa sikukuu, tutakutana chini ya miembe, ambayo katika mji huu haihitaji kuombewa ruhusa. Patasomwa kwa sauti sehemu za safari za Tippu Tip, kisha za Mbotela, kisha watu watasema. Tumeomba mzee wetu aliyepinga awe wa kwanza kusema, naye hakukataa, alisema atafikiri. Tunamsihi aje. Pasipo yeye baraza hilo litakuwa la watu wanaokubaliana, na mkutano wa namna hiyo ni heri kulala.

Mwezi wa Agosti tutakwenda Kwihara na wanafunzi wa sekondari, kwa miguu kwa wawezao, mpaka kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, akingoja wapagazi baada ya Stanley kumwacha mwezi wa Machi. Hakuondoka mpaka mwezi wa Agosti. Huko patasomwa habari za Wainwright. Wanafunzi watapewa madaftari, nao katika wiki itakayofuata waende kwa babu na bibi zao, waulize juu ya safari za pwani, nyimbo za njiani, majina ya vituo na bei ya mzigo, waandike maneno kama yalivyosemwa, Kinyamwezi kwa Kinyamwezi na Kiswahili kwa Kiswahili. Madaftari yatafungwa pamoja na kuombewa nafasi katika maktaba. Burton mwenyewe alipokuwa Kazeh alimtegemea mfanyabiashara Snay bin Amir kumweleza mambo ya nchi na lugha zake, akamsifu kuwa ni mtu aliyesoma vitabu vingi na mwenye kumbukumbu ya ajabu. Kumbe msomaji alikuwapo Tabora kabla ya maktaba, na yeye mwenye kujua ndiye aliyeulizwa, na yule aliyeuliza ndiye aliyepata jina kwa kuandika. Twataka safari hii waulizaji wawe watoto wetu.

Kuhusu karamu: nusu itakayobaki yatosha wali, maharagwe na kuku kwa hesabu ya mweka hazina, ambaye si mtu wa kukisia. Nyama ya mbuzi itakosekana. Tumepima jambo hilo kwa uzito wake, na twaamini Chama kitalistahimili.

Vitabu vitakavyonunuliwa vitachaguliwa pamoja na mkutubi, maana yeye ndiye ajuaye kilichopo na kilichochakaa. Kilichopo tayari kitaongezewa nakala ikiwa husomwa sana. Mwenye kujua mahali zinapopatikana nakala za kale za vitabu tulivyovitaja, hata kama kurasa zimepungua, na amwarifu katibu. Wafasiri watakaojitolea kwa daftari la Wainwright waandike majina yao katika karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mikutano; mpaka tunapopiga chapa toleo hili yapo majina mawili, na moja halisomeki. Mwenye mwandiko huo afike alisahihishe kabla ya mkutano.